Sahani ya kidakani: kauri ipi ya kulia, ipi ya kutazamwa

Katika nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, vidaka vya ukutani hupangwa vyombo ambavyo kwa mbali huonekana ndugu: vyeupe, vinang'aa, vina maua au mistari ya buluu. Ukivishusha na kuvipindua, mara nyingi utakuta ni koo tatu mbalimbali. Kimoja ni kauri hasa ya Uchina. Cha pili ni sahani ya udongo mweupe iliyotoka Ulaya karne ya 19. Cha tatu kimenunuliwa juzi juzi dukani Malindi au Mombasa. Sasa mgeni amekuja, samaki amekaangwa na ndimu imekamuliwa juu. Ishushwe ipi?

Wengi huogopa ile kongwe na kuiamini mpya. Umri si kipimo. Kinachopimwa ni mahali rangi ilipokaa, juu ya glezi au chini yake, kisha chakula gani kitawekwa humo na kwa saa ngapi. Glezi ni ile ngozi ya kioo iliyofunika udongo. Ndiyo inayogusana na chakula; chombo kikiwa kizima, udongo wenyewe haukigusi.

Ilikotoka

Kauri si udongo mmoja uliochimbwa na kufinyangwa. Ni mchanganyiko. Kipimo cha kawaida cha kauri ngumu ya Ulaya ni nusu kaolini (udongo mweupe safi), robo felispa na robo kwatzi (mawe mawili yaliyosagwa). Kaolini ndiyo inayoleta weupe na kukifanya chombo kisimame motoni bila kulegea, kwani peke yake haiyeyuki hata kwenye nyuzi 1,700 za Selsiasi. Felispa huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 1,200 hivi, ikageuka kioo na kujaza matundu yaliyo kati ya chembe za kaolini. Tanuri likifika nyuzi 1,300 hadi 1,400, chombo kimeshasinyaa na hakina tena nafasi ya kunywa maji: kauri nzuri hunyonya chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Udongo wa kawaida uliochomwa kwenye nyuzi 1,000 au 1,100 hunyonya asilimia 5, 10, wakati mwingine 15. Shikilia tofauti hiyo, maana mambo mengi ya usafi yanatokana nayo.

Wachina walifika hapo mapema sana. Vyombo vyeupe vya kauri vilikuwa vikitengenezwa kaskazini mwa Uchina tangu enzi ya Tang (618–907), kisha Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, ukawa mji mkuu wa kazi hiyo. Buluu na nyeupe tuijuayo sisi ilishamiri huko katika karne ya 14, kwa kobalti, madini yanayotoa buluu, iliyotoka Uajemi. Fundi alichora kwa kobalti juu ya udongo mbichi, akaufunika kwa glezi, kisha akachoma mara moja kwenye moto wa nyuzi 1,300 hivi. Glezi hiyo huyeyushwa kwa chokaa na felispa, haihitaji risasi, ile metali laini yenye sumu. Rangi imezikwa chini ya kioo na haitoki.

Kuna mazoea ya kusema sahani za Kichina zililetwa pwani na merikebu za Zheng He, amiri wa Uchina. Merikebu hizo zilifika Malindi kweli, katika safari ya 1417 hadi 1419, lakini biashara ilikuwapo karne nyingi kabla. Magae ya Kichina yamefukuliwa Shanga, kisiwani Pate, katika matabaka ya karne ya 9, nayo yalifika kwa mikono ya wafanyabiashara wa Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Hindi. Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kufukua mwaka 1948, na mojawapo ya nyumba alizozichimba ikaitwa Nyumba ya Bakuli la Kauri kwa kile kilichopatikana ndani. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, wapo wafu waliojengewa mnara juu ya kaburi, ukapachikwa mabakuli ya Kichina. Chombo kilichotoka mbali namna ile hakikuwa cha kulia wali wa kila siku. Kilikuwa cha kuonyesha daraja la mwenye nyumba, na kidaka kilijengwa kwa kazi hiyo.

Pamoja na buluu na nyeupe zilikuja sahani nzito za kijani kutoka matanuri ya Longquan, mkoani Zhejiang. Kijani chake ni chuma kidogo ndani ya glezi, kikachomwa katika moto usiopata hewa ya kutosha. Katika nchi za Kiislamu iliaminika kwamba sahani ya namna hii hupasuka au kubadilika rangi ikitiwa sumu. Haifanyi hivyo. Ila ni kweli kwamba yenyewe haina sumu ya kutoa, jambo ambalo sahani nyingi za maua mekundu zilizokuja baadaye haziwezi kudai.

Ulaya iliitafuta siri hii kwa muda mrefu. Johann Friedrich Böttger, kwa msaada wa mwanasayansi Tschirnhaus, aliipata huko Saksonia, Ujerumani, mwaka 1708, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa 1710. Waingereza walikwenda njia nyingine: katika miaka ya 1790 Josiah Spode alikamilisha mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni majivu ya mifupa, kwa kawaida ya ng'ombe, na nusu iliyobaki ni kaolini na jiwe la felispa. Vikombe hivi ni vyembamba, vyepesi na vigumu kuvunjika kuliko vinavyoonekana. Chini ya kitako huandikwa BONE CHINA. Watu wa pwani huuliza kama ni halali kunywea. Hukumu aulizwe sheikh. La ufundi ni kwamba mifupa huchomwa hadi nyama na mafuta yote yaishe, ikabaki fosfeti ya kalisi tu, kisha huchomwa tena ndani ya chombo kwa zaidi ya nyuzi 1,200.

Hizo zote ni kauri. Sahani nyingi za mabibi zetu sizo. Katika karne ya 19 pwani hii ilipokea shehena za vyombo vya bei nafuu kutoka Uingereza, Uskoti na Uholanzi, na jina utakalolikuta chini ya kitako mara kwa mara ni Petrus Regout, Maastricht. Maua yake yalipigwa kwa chapa au kwa sponji. Ni vizuri, na mimi huvipenda kuliko buluu na nyeupe ya kuigiza inayouzwa leo, lakini ni udongo mweupe unaonyonya maji, na glezi za wakati ule kwa kawaida ziliyeyushwa kwa risasi. Hapo hata rangi ikiwa chini haisaidii, kwa kuwa glezi yenyewe ndiyo yenye risasi. Virudi kidakani.

Kukijua chombo

Anza na kitako. Pete ya chini isiyo na glezi ndiyo mahali pekee udongo unapojionyesha. Dondoshea tone la maji juu yake. Likikaa kama shanga kwa dakika nzima, ni kauri au udongo uliochomwa sana. Likinywewa, ni udongo wa kawaida, hata kama uso wake unang'aa kuliko kioo.

Pili, washa tochi ya simu nyuma ya ukingo usiku. Kauri nyembamba ya milimita 2 au 3 hupitisha mwanga na utaona kivuli cha kidole chako. Nene haipitishi, kwa hiyo giza peke yake si ushahidi. Tatu, iweke sahani juu ya ncha za vidole na uigonge kwa ukucha. Kauri nzima hulia na mlio hubaki hewani. Ikiwa na ufa uliojificha hutoa sauti ya kukwama, na jaribio hili hugundua ufa ambao macho hayajauona.

Mwenye mizani ya jikoni anaweza kwenda mbali zaidi. Kausha chombo juani siku nzima, kipime, kichemshe ndani ya maji kwa saa mbili, kiache kipoe humo humo, kifute kwa kitambaa na ukipime tena. Bakuli la gramu 400 likirudi na gramu 402 au chini yake, ni kauri. Likirudi na 430, ni udongo. Usifanye hivyo kwa chombo cha kale wala kilichoungwa.

Rangi ya juu na rangi ya chini

Rangi ya chini ya glezi huchomwa pamoja na glezi, na ni rangi chache zinazostahimili moto huo: buluu ya kobalti, kahawia ya chuma, kijani cha kromiamu, nyeusi, na nyekundu ya shaba iliyo ngumu kuipata. Rangi ya juu hupakwa au kubandikwa kama stika baada ya glezi kumaliza kuchomwa, kisha hupitishwa tanurini mara nyingine kwa nyuzi 700 hadi 850 tu. Moto huo ni mdogo mno kwa kioo cha kawaida kuyeyuka, na ndiyo sababu watengenezaji wengi walitia risasi, inayoshusha joto la kuyeyuka. Nyekundu, chungwa na manjano kali huongezwa kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Ikichomwa vizuri, rangi hushika. Ikikosewa kipimo au ikichomwa haraka ili kuokoa mafuta, risasi hubaki imelegea juu, na chakula kichachu huichukua.

Kutambua si kazi kubwa. Ilaze sahani karibu na dirisha mwanga uje kwa ubavu. Rangi ikiwa chini, mng'ao unapita juu ya ua bila kukatika. Ikiwa juu, mng'ao unakatika ukingoni mwa ua, na mara nyingine utaona mpaka mwembamba wa stika. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye ukingo wa ua, rangi iko juu. Dhahabu ya ukingoni daima iko juu. Sahani iliyotumika sana itajieleza yenyewe, maua yakiwa yamefifia katikati ambako kijiko kinapita na mazima pembeni. Kilichofifia kimekwenda mahali, na sehemu yake imeliwa.

Ya kikombe iangaliwe kwa ukali zaidi. Viwango vya kimataifa huuhesabu ukingo wa kunywea kuwa milimita 20 kutoka juu, kwa sababu midomo hugusa hapo kila mara. Nunua vikombe ambavyo sentimita mbili za juu, ndani na nje, hazina ua wala mstari wa rangi. Vya watoto viwe vyeupe tupu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile alichomeza. Risasi hukaa mifupani kwa miaka, na mwanamke akishika mimba hutoka mifupani ikarudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Ndimu, ukwaju na saa

Maabara hupima hivi: chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4, hufunikwa na kuachwa saa 24 kwenye nyuzi 22, kisha hupimwa risasi na kadimiamu iliyotoka. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1984 liliweka mpaka wa risasi miligramu 0.8 kwa kila desimita ya mraba kwa sahani isiyozidi kina cha milimita 25, miligramu 4 kwa lita kwa chombo chenye kina zaidi, na 1.5 kwa vyombo vya kupikia na vya kuhifadhia vinavyozidi lita 3. Marekani, kwa vikombe na majagi, mpaka wa mamlaka yao ya chakula ni miligramu 0.5 kwa lita. Linganisha: kikombe kinaweza kupita kwa agizo lile la Ulaya na kuzidi mpaka wa Marekani mara nane. Muuzaji akikuambia "imepimwa", muulize kwa kipimo cha wapi.

Siki ya maabara haiko mbali na vyakula vyetu. Kwa pH, kipimo ambacho namba ikipungua uchachu unazidi, ndimu ni 2 na kidogo, ukwaju unakaribia 3. Hata hivyo saa zina uzito kuliko uchachu. Samaki wa ndimu analiwa dakika 20 na sahani inaoshwa. Achari ya embe inakaa wiki nzima ndani ya bakuli lile lile, na sharubati ya ukwaju hukesha ndani ya jagi mpaka futari ya kesho. Hapo ndipo penye hatari, tena jagi la maua ya ndani ndilo baya kuliko vyote. Achari itiwe katika chupa ya kioo. Ukitaka kuipamba meza, itoe kidogo kidogo kwenye kauri nyeupe na usiirudishe. Chai ya maziwa haina uchachu wa kutajwa. Moto wake unaongeza kasi ya kutoka kwa risasi, lakini ndani ya kikombe cheupe kizima hauna cha kutoa.

Jaribio la nyumbani lipo, ila lijulikane mipaka yake. Osha sahani, iinamishe ili siki nyeupe ya asilimia 5 ifunike nusu tu ya ua, funika, iache saa 24. Mwaga siki, osha, linganisha nusu mbili. Nusu iliyozama ikiwa imefifia au imepoteza mng'ao, hiyo sahani si ya chakula tena. Isipobadilika hujathibitisha lolote, kwa sababu risasi inaweza kutoka bila rangi kuonekana. Vijiti vya kupaka vya kupimia risasi vinavyouzwa mtandaoni navyo hukosea kwenye glezi. Anayetaka jibu la hakika apeleke maabara, na kwa hoteli au mwenye kukodisha vyombo vya harusi hiyo gharama ina maana. Kwa vyombo vipya vya kutoka nje, angalia walau stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa za nje kwenye katoni.

Nyufa, pini na gundi

Ule mtandao wa nyufa nyembamba juu ya sahani ya zamani hutokea glezi inaposinyaa kuliko udongo ulio chini yake. Mara nyingine hupasuka tanurini, mara nyingine miaka kadhaa baadaye: udongo unaonyonya hunywa unyevu wa hewa, huvimba kidogo kidogo, na glezi isiyonyumbuka hupasuka. Hewa ya Lamu haisaidii. Kwenye kauri hasa, nyufa hizi ni dosari ya sura zaidi, maana chini yake hakuna pa kunyonya. Kwenye udongo, mchuzi na mafuta hupenya, vijidudu hukaa, na sahani ikipashwa moto hutoa harufu ya mchuzi wa wiki iliyopita. Klorini huondoa rangi ya madoa na kuacha kilichomo. Ukishuku nyufa usizoziona, paka bizari ya manjano iliyokorogwa kwa maji, subiri saa moja, osha. Mistari ya manjano itabaki mahali palipopasuka.

Sahani za kombe zina jaribio hilo hilo bila kutaka. Aya huandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi na mgonjwa akanywa, na sahani moja hutumika miaka. Iwe nyeupe tupu ndani, bila ua wala maandishi ya kiwandani, na ikianza kubaki na nyuzi za manjano baada ya kuoshwa, ibadilishwe.

Zamani sahani ya thamani iliyovunjika ilitobolewa na kushonwa kwa pini za shaba au chuma, na unazikuta mpaka leo. Pini hushika kutu na mchuzi hupita kwenye tundu. Gundi za siku hizi hazina ubora zaidi kwa chakula: nyingi hulainika kwa joto la chai, na kikombe huachia mpini mkononi. Chombo kilichoungwa ni cha kutazamwa. Kilichomeguka ukingoni pia kitolewe mezani. Gae dogo la glezi ni wembe, na pale palipomeguka hapasafishiki.

Kuosha kunaua vyombo vingi kuliko kuanguka. Mchanga, jivu na waya wa chuma hukwangua rangi ya juu. Tumia sponji na sabuni. Mistari ya kijivu inayoachwa na vijiko si mikwaruzo, ni chuma kilichobaki juu ya glezi, na hutoka kwa bikaboneti ya soda iliyolowanishwa kidogo. Maji ya visima vya mjini yana chumvi na huacha utando mweupe: siki na maji nusu kwa nusu, dakika 10, suuza. Hiyo ni kwa vyeupe tu, yenye maua isifanyiwe. Ukipanga sahani, weka karatasi au kitambaa kati yake, kwa kuwa pete ya kitako haina glezi na inakwaruza uso wa sahani iliyo chini kila ukiivuta. Yenye dhahabu isiingie kwenye maikrowevu, itatoa cheche. Nyingine ijaribu tupu kwa dakika moja pamoja na kikombe cha maji pembeni: sahani ikitoka ya moto na maji vuguvugu, inanyonya maji au ina metali. Melamini, ile nyepesi inayofanana na kauri lakini ikigongwa hailii, isiingie kabisa wala isitumike kwa chakula kinachozidi nyuzi 70.

Neno kwa wanaonunua vya kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa ni cha kale chombo kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Bakuli lenye chokaa kavu mgongoni huenda limebanduliwa kaburini au ukutani. Usilinunue hata kwa bei ya kutupa. Magae ya Takwa, Pate na Gedi yaachwe yalipo. Kigae kidogo chenye buluu huwapa wachimbaji karne ya tabaka zima, lakini kikishahamishwa hakiwezi kuwaambia tena.